Kaza na Bomba Lililonyimwa Nafasi

Ukitaka kumjua mtu aliyeitwa Kaza, usianzie kazini kwake. Anzia jikoni kwa mkewe. Chupa ya mafuta ikishafungwa na Kaza haifunguki mpaka Kaza mwenyewe arudi. Kopo la sukari vilevile. Siku moja mkewe alipita nyumba tatu na kopo la chumvi mkononi, anatafuta mwanamume wa kulifungua, na mchuzi uko motoni. Wote walikunja sura, wakakunja na mikono ya shati, wakashindwa. Akarudi, akapakua hivyohivyo, akamwekea mume sahani.

"Mbona hauna chumvi?"

"Chumvi ipo. Umeifunga jela."

Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, lakini hata mama aliyemzaa aliacha kulitumia. Alikuwa fundi wa mabomba na vyuma kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hospitali, na neno alilofungulia kazi na kufungia kazi lilikuwa hilo moja: kaza. Nati ikifika mwisho fundi mwingine anafuta mikono. Yeye anaongeza robo mzunguko. "Hiyo ni robo ya usingizi," alikuwa anasema. "Bila hiyo silali."

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Kumbe ni kweli kabisa, hapati usingizi. Kaza alikuwa mwoga. Mbwa hakumwogopa, giza hakuliogopa, wala mtu mwenye ubavu. Aliogopa kitu kilicholegea. Alipokuwa na miaka minane baba yake, fundi rangi wa maghorofa, alipanda jukwaa asubuhi moja na hakushuka kwa miguu yake. Nati moja tu ilikuwa imelegea. Watu wa kazini walileta nyumbani kofia yake, saa yake, na ile nati ndani ya bahasha, sijui walifikiri itamfariji nani. Mtoto aliichukua akaizungusha kwa vidole viwili. Ikazunguka kwa ulaini kama kifuniko cha kalamu. Tangu siku hiyo mtoto yule hajaacha kukaza.

Sasa, pale kiwandani kulikuwa na bomba la mvuke. Lilitoka kwenye banda la boila, likatoboa ukuta, likapita juu ya ukumbi wa kupigia pasi urefu wa mita ishirini, likatoboa ukuta wa pili kwenda kwenye vikaushio. Katikati ya safari lilikunjwa: linatoka pembeni, linashuka, linarudi kwenye mstari wake, kama goti la mtu aliyekaa. Wafanyakazi waliliita goti. Na bomba lenyewe lilikuwa limelala juu ya vigurudumu vidogo vya chuma, halijafungwa popote isipokuwa kwenye kuta zile mbili. Kila asubuhi mvuke ukiingia, bomba linatembea. Kriii, linasogea. Kriii, linasogea tena. Jioni likipoa linarudi nyumbani kwake kwa kelele zilezile.

Chini ya bomba walikaa wapiga pasi sita, wote wanawake, na meza ya tatu ilikuwa ya mkewe.

Nadhani umeanza kumwelewa. Miaka sita Kaza alifanya kazi mle ndani, na kila asubuhi miaka sita, kriii ya kwanza ikilia, alitupa macho juu. Chuma kizito, kimejaa mvuke, hakijafungwa, kinatambaa juu ya kichwa cha mkewe. Mkewe anaimba na kupiga pasi. Yeye anatoka nje kujifanya anatafuta spana.

Mwisho akaenda kwa meneja. Meneja naye alikuwa na ugomvi wake na goti, si wa hofu, wa vumbi: watu wa hospitali walikuwa waje kukagua usafi, na goti lilikusanya nyuzi na vumbi mpaka likaota ndevu.

"Unaweza kulinyoosha?"

"Nalinyoosha kama rula. Na halitatikisika tena milele."

"Nyoosha."

Mtu mmoja tu angeweza kusema subirini kwanza, naye ni Bi Mvuke, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyeitunza boila ile miaka ishirini na mbili. Lakini kazi ilifanywa Jumamosi na Jumapili, boila imezimwa, Bi Mvuke yuko kwake anapumzika. Hakuna aliyemuuliza. Watu hawamuulizi mpishi wa mvuke mambo ya bomba, kama vile hawamuulizi mpishi wa wali mambo ya sahani.

Kaza alikata goti kwa msumeno wa chuma. Akapima nafasi asubuhi na mapema, kungali baridi, akakata kipande cha kunyooka, akakisugua kwa tupa mpaka kikaingia bila kupitisha hata unywele. Akakichomelea. Akatoa vigurudumu, akaweka vibano vinane, kila kibano nati mbili, kila nati na robo yake ya usingizi. Nafasi zilizobaki kuzunguka bomba ukutani akazijaza saruji. Akajaza bomba maji baridi kwa nguvu ya pampu: halikuvuja hata tone. Akalipaka rangi ya fedha. Akaning'inia juu yake kwa mikono miwili kama mtoto kwenye tawi, mbele ya meneja, na bomba likatulia tuli.

"Sasa," akasema, "siku ya kuanguka, utaanguka ukuta, bomba litabaki."

Neno hilo alilipenda mno. Akalirudia kwa mlinzi, kwa dereva, na nyumbani kwa mkewe mara mbili.

Wikiendi hiyohiyo alifanya na kazi nyingine ndogo. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea na akalalamika, kwa heshima zote, kwamba bafu la nje halina komeo, mlango unaegeshwa na jiwe, na yeye ni mtu mzima, hawezi kuoga huku amekanyaga jiwe. Bafu lenyewe lilikuwa kuta nne tu, halina paa. Basi Jumapili alfajiri, kabla ya kwenda kazini, Kaza alipachika vishikio viwili vya chuma ukutani, pande zote mbili za mlango, akakata nondo nene ya kulala katikati. Unaiinua, unaishusha, mlango umefungwa. Aliisugua mpaka ncha zake zikabusu vishikio vyote viwili. Hata unywele haupiti.

Usiku wa Jumapili alilala fofofo, mara ya kwanza tangu aoe. Alikoroma mpaka mama mkwe akauliza asubuhi kama kuna gari lilipita.

Jumatatu alipewa mapumziko. Mkewe akajifunga kitambaa, akachukua mkoba.

"Leo tutachelewa kuanza. Wanasafisha tangi la maji ya boila. Mvuke labda saa sita."

"Sawa. Na leo usiogope bomba, halitikisiki."

"Mimi sijawahi kuliogopa. Mwoga wa bomba tunamjua." Akacheka, akaenda zake.

Mama mkwe aliingia kuoga saa nne. Alikuwa mtu wa kuoga kwa nafasi, na akishaoga anafua vijinguo vyake mlemle. Kaza alikuwa uani anafunga upya kiti ambacho hakikuwa kimefunguka. Jua likapanda. Likaruka ukuta wa bafu, likakaa juu katikati. Saa tano na nusu akasikia chuma kinagongwagongwa.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Hiki chuma chako hakiinuki."

"Kiinue kwa mikono miwili, mama."

"Na nilikuwa nakiinua kwa nini, kwa meno?"

Kaza akasogea mlangoni, akageuza uso upande wa pili ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Mama mkwe ni mama mkwe. "Labda kimekaa upande. Kisukume kwanza kushoto."

"Hakiendi kushoto, hakiendi kulia, hakiendi juu. Asubuhi nimekishusha kwa kidole. Umekifanya nini?"

"Mimi? Niko hapa nje, mama."

"Basi vunja mlango. Hapana, usivunje, nimejifunga taulo tu. Subiri. Usiingie. Lakini nitoe."

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kupanda ukuta hawezi. Kuvunja amekatazwa. Kumwita jirani amsaidie kumtoa mama mkwe aliyevaa taulo, afadhali afe. Akabaki kuzunguka bafu kama kuku aliyefungiwa nje. Ndani, mama mkwe akajaribu tena, akapiga ukelele.

"Chuma chako kimeniunguza!" Na kwa hasira, au kwa kupoza kiganja, akachota maji ya kusuuzia na kuyamwaga palepale, juu ya mkono na juu ya nondo. Akachota tena.  Halafu sauti ya mtu aliyeshangaa:

"Ee. Mbona kimeinuka chenyewe?"

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akapita na taulo lake, ndoo ya nguo mbele kama ngao, hakumwangalia mkwe na mkwe hakumwangalia. Kaza aliangalia nondo. Ilikuwa imelala chini, imelowa. Akaiokota. Sehemu isiyopata maji bado ilikuwa ya moto. Akairudisha kwenye vishikio: ikaingia yenyewe, laini, kama alfajiri ya Jumapili.

Akasimama pale, nondo mkononi, akili inakwenda polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Ilikuwa na baridi, ikaingia. Ikapata jua, ikagoma. Ikapata maji, ikaachia. Kwa hiyo juani ilirefuka. Haikuona pa kwenda, ikajibana. Kidogo tu, chini ya unywele, na mama mwenye mikono iliyolima miaka arobaini hakuweza kuitoa. Na hii ni nondo ya mita moja na kitu. Na hili ni jua tu.

Mvuke si jua. Na bomba ni mita ishirini.

Kriii, linasogea. Lilikuwa linarefuka. Miaka sita lilikuwa linarefuka kila asubuhi na kulikunja goti lake kupata nafasi, na yeye amelikata goti, amelishika kwa vibano vinane, amelijazia saruji huku na huku.

 Akatazama saa: saa sita kasoro dakika kumi.

Akapiga simu ya mkewe. Ikaita mpaka ikakata. Simu za wapiga pasi hukaa kwenye makabati mpaka mchana. Akapiga ya Bi Mvuke. Boila ikiwaka Bi Mvuke hasikii hata radi. Akapiga ya meneja, ikawa inatumika. Akatupa nondo, akarukia baiskeli.

"Mkwe, unakimbia nini?" mama mkwe akauliza kutoka dirishani. "Sijakasirika kiasi hicho!"

Baiskeli ya Kaza haikuwa na kitu kinacholia, unaweza kukisia. Ilikwenda kimya kabisa, na kimya hicho ndicho kilimtesa njia nzima, maana aliweza kusikia kila anachofikiria. Alijaribu kujidanganya. Pengine tangi bado wanasafisha. Pengine maji hayajajaa. Kisha akakunja kona ya mwisho, akaona moshi unatoka kwenye bomba refu la boila, mweupe, umenyooka, wa moto ulioshika vizuri. Akasimama juu ya pedali, akakazana.

Banda la boila lilikuwa la kwanza ukiingia getini. Bi Mvuke alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, macho kwenye geji, mkono kwenye gurudumu la valvu. Yeye hufungua mvuke kidogo kidogo, nusu saa nzima, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Funga! Dada, funga mvuke!"

"Na salamu siku hizi imehamia wapi?"

"Nimekata goti."

"Goti la nani?"

"La bomba. Nimelinyoosha. Nimelikaza pande zote."

Bi Mvuke ni mtu wa maneno.  Huisema boila, huitukana, huiimbia. Safari hii alivua miwani kwanza, akaifuta, akaivaa.

"Bomba lile," akasema taratibu, "likipata moto linarefuka vidole viwili. Kila siku ya Mungu. Vidole viwili vile vilikuwa vinaingia kwenye goti. Leo unataka viingie wapi?"

Kaza alikuwa ameshadaka ndoo ya maji pembeni ya mlango. "Nikalimwagie. Litanywea. Mlango wa mama mkwe ulivyo—"

"Weka ndoo chini!" Kaza akaiweka. "Mlango wa mkweo ulikuwa na mvuke tumboni? Chuma kimejibana namna hiyo, kina moto namna hiyo, ukikipiga maji upande mmoja unakipasua. Sikiliza. Mimi nitairudisha hii valvu kidogo kidogo. Nikifunga kwa pupa, mvuke unageuka maji humo ndani na maji yanapiga kama nyundo. Na hata nikishafunga, bomba halipoi papo hapo, unanielewa? Wewe katoe watu. Usikimbie ndani, usipige kelele, usibamize mlango. Na wasipite mlango wa mbele, uko chini ya ukuta ulioujaza saruji. Wapite nyuma. Nenda."

Kaza akapita chini ya ukuta ule, akaingia ukumbini akitembea kwa vidole, kama mwizi.

Ndani kulikuwa na utulivu ambao hajawahi kuusikia. Pasi zinafoka, wanawake wanaongea, hakuna kriii hata moja.

"Fundi huyo!" akaita mpiga pasi wa meza ya kwanza, waliyemwita Redio kwa sababu hazimwi. "Karibu, leo tunasikiana! Tumesengenya mpaka watu wameisha, tulikuwa tunaanza kwako."

Kaza akainua macho. Bomba lake la rula halikuwa rula. Katikati, baina ya kibano cha nne na cha tano, lilikuwa limetoa kiuno pembeni, juu ya meza ya tatu. Kwenye vibano rangi ya fedha ilikuwa imebanduka magamba magamba. Na pale ukutani, juu ya mlango wa mbele, saruji yake mpya ilikuwa inamwaga unga mwembamba, unashuka bila haraka, unatua juu ya shuka jeupe la Redio. Redio anaupuliza anaendelea kupiga pasi.

Tik, likasema bomba. Kimya. Tik.

"Tokeni," akasema Kaza. Hakuna aliyegeuka. Akasogea katikati ya meza. "Tokeni nje, wote. Mlango wa nyuma."

"Meneja kasema mashuka mia mbili kabla ya saa nane."

"Bomba litaanguka."

Redio akaweka mkono kiunoni. "Hili? Si tumeambiwa utaanguka ukuta, bomba litabaki?"

Wakacheka wote. Hata yule wa meza ya sita ambaye huwa hacheki. Kaza aliwatazama vinywa vyao vilivyo wazi na kiuno cha chuma juu yao, akatamani kupiga kelele, akakumbuka ameambiwa asipige kelele. Akamwangalia mkewe. Mkewe alikuwa ameshika ncha ya shuka, uso umelowa joto, anatabasamu, bado hajajua.

"Kazi yangu ni mbovu," Kaza akasema. "Nimekosea. Mimi ndiye nimeharibu."

Wakacheka zaidi. "Kaza kakosea! Andikeni tarehe!"

Mkewe hakucheka. Tabasamu lilimtoka usoni taratibu. Akainama, akazima pasi yake, akachomoa waya.

"Huyu mwanamume," akawaambia wenzake, "nina miaka kumi na tisa naye. Hajawahi kusema amekosea hata akimkanyaga mtu. Zimeni pasi. Tunatoka."

Hakuna aliyecheka tena. Pasi zikazimwa, tak, tak, tak. Wakajipanga kuelekea mlango wa nyuma, Redio naye kimya, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu hofu.

Mlango wa nyuma ulikuwa na pao la chuma, limefungwa kwa nati mbili. Mwaka uliopita mashuka yalipotea, meneja akasema mlango ule ufungwe, na akaitwa fundi wa kuufunga. Sina haja ya kukwambia ni nani.

Kaza akatoa spana mfuko wa nyuma. Nati ya kwanza: haikusogea. Akavuta tena. Viganja vilikuwa vimelowa, spana ikateleza, vidole vikachubuka. Nyuma yake wanawake sita wanapumua. Nyuma yao, tik. Tik. Halafu sauti nyingine, ndefu, ya chini, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mbaya. Unga ukutani ukawa vijiwe.

"Haifunguki," akasema Kaza, na aliona aibu jinsi alivyokuwa anataka kulia. "Haifunguki, mama watoto."

Mkewe akasogea karibu, akamshika begani. "Taratibu, baba. Nati hiyo unaijua. Umeilaza mwenyewe, iamshe mwenyewe."

Akafuta kiganja kwenye suruali. Akaweka spana, akaegemea kwa uzito wake wote, robo ile, ile robo ya usingizi, akaisukuma kinyume. Nati ikalia, ikaachia. Ya pili akaipiga kwa hasira yote iliyobaki. Pao likashuka. Mwanga wa mchana ukaingia.

Wakatoka mmoja mmoja. Redio, wa sita, wa pili, wengine. Mkewe akageuka nyuma.

"Pasi ya Redio bado inawaka."

"Iache."

"Itaunguza shuka la watu."

"Iache!" Akamshika mkono wa gauni akamvuta, mshono ukakatika, wakatoka wote wawili kwa kujikwaa.

Hatua kama kumi nje, wakasikia. Kwanza mlio mmoja mkali, nati imekatika. Halafu vibano vikafuatana haraka haraka kama mtu anayevunja vifundo vya vidole. Kisha kishindo, kikaingia tumboni kuliko masikioni. Mlangoni mvuke mweupe ukatoka ukivuma, ukajaa uani, hawaonani. Kaza alikuwa bado ameshika mkono wa gauni. Aliukamata mpaka mvuke ukafifia na akaona kwamba ndani ya mkono ule kuna mkono.

Bi Mvuke alikuwa ameshairudisha valvu yote. Walipochungulia, sehemu ya ukuta juu ya mlango wa mbele ilikuwa imemwagika chini. Kumbe alisema kweli, ukuta ulianguka. Lakini bomba halikubaki. Lilikuwa limeruka pembeni, limekunjika lenyewe katikati, limejitengenezea goti kwa nguvu, na goti hilo lilikuwa limelala juu ya meza ya tatu, meza imekatika vipande viwili, na shuka lililokuwa juu yake bado limekunjwa vizuri.

Meneja akaja mbio kutoka ofisini. "Nani? Nani amefanya hivi? Boila?"

Bi Mvuke akafungua mdomo. Kaza akamtangulia. "Mimi. Boila haina kosa. Bomba lilitaka nafasi, mimi nikalinyima."

Meneja akatazama lile rundo, akawatazama wanawake sita waliokuwa wanajihesabu kwa mara ya tatu. Pengine akakumbuka nani alisema "nyoosha". Akavua kofia akakaa chini kwenye ngazi.

Kaza naye alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Waliletewa chai. Hakuweza kushika kikombe bila kujimwagia, basi mkewe akakishika, akamnywesha kama mgonjwa, mbele za watu.

"Baba alikufa kwa nati iliyolegea," Kaza akasema.

"Najua."

"Leo ningekuua kwa iliyokazwa."

Mkewe alipuliza chai. Alimpa funda jingine. 

Bomba lilijengwa upya baada ya wiki tatu, na mara hii Bi Mvuke alikaa kigodani katikati ya ukumbi akielekeza kwa fimbo ya ufagio. Goti likarudi, kubwa kuliko la kwanza. Vigurudumu vikarudi, na mafuta juu. Nyumbani, nondo ya bafuni ilikatwa, sasa kidole kizima kinapita. Mama mkwe hata hivyo haitumii. Anaoga mlango wazi kidogo, anaimba kwa sauti mpaka anamaliza, na sisi majirani wote tumeshajifunza nyimbo zake.

Usifikiri hofu ilimwisha Kaza. Ilihama nyumba tu. Kila asubuhi kabla ya mvuke anapanda ngazi, anachora mstari wa chaki kwenye bomba karibu na goti, sawasawa na kigurudumu. Halafu anashuka, anasimama chini ya bomba, palepale meza ya tatu, peke yake, anatazama juu, mikono imekunjwa kifuani. Wapiga pasi wanasubiri mlangoni. Mstari ukisogea upana wa kidole kimoja, anawaita. Usiposogea, hawaingii, hata meneja aje na mashuka ya dunia nzima.

"Limesogea?" anauliza mkewe kutoka nje, kikombe mkononi.

"Bado."

"Basi na mimi chai yangu bado."

Anasubiri. Macho ya Kaza hayatoki kwenye mstari wa chaki. Mpaka juu kule, kriii, ndipo anapumua.